Mwenge kwa zimwi: anayejua ni mchezaji au mhusika?

Mwalimu, shikamoo.

Ninasimamia meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa maneno na dadu, hapa Dar es Salaam. Tunatumia toleo la tano, lile la mwaka 2014. Wachezaji ni wanne, wahusika wao wako ngazi ya 4, na tunakutana Jumamosi jioni. Kinachotugombanisha ni metagemu, yaani mchezaji kutumia anachokijua yeye wakati mhusika wake hana njia ya kukijua.

Mpiganaji wetu ni kijana wa shamba. Kwa maelezo aliyoyaandika mchezaji mwenyewe, hajawahi kutoka kijijini kwao. Walipokutana na zimwi la aina ya troli, kabla halijapiga hata pigo moja, alirudisha upanga alani akaomba mwenge na mafuta. Nikamkatalia. Akasema kila mtu anajua troli huuawa kwa moto. Pambano likaenda kwa panga tupu, zimwi likawa linaanguka na kuinuka, mpaka watu wakaanza kupiga miayo.

Kisha kuna milango. Mwizi wa kundi anatafuta mtego, dadu ya pande 20 inatoa 3, namwambia haoni kitu. Hapohapo wenzake watatu nao wanataka kuukagua mlango uleule. Dadu ikitoa 18, hakuna anayejisumbua. Na kundi likigawanyika, walioko sokoni wanaenenda kana kwamba wameyaona yote yaliyotokea ghalani.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mkasa tunaocheza ni wa kuchapishwa, wa kununua. Kikao kilichopita mchezaji mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa siri. Nahisi ameusoma.

Wachezaji wawili wanasema huu ni wizi, wawili wanasema ndio mchezo wenyewe. Nafikiria kukata pointi za uzoefu kwa kila kosa na kupiga marufuku simu mezani. Unanishauri nini?

Msimamizi, Dar es Salaam

*

Marahaba, ndugu msimamizi.

Pointi za uzoefu usikate. Ngazi ya 5 inaanza kwenye pointi 6,500, na hapo ndipo mpiganaji anapopata shambulio la pili katika zamu yake na mchawi anapoanza kurusha mpira wa moto. Ukimchelewesha mmoja, wenzake watatu wataziba pengo lake katika kila pambano, nawe utalazimika kupunguza makali ya mazimwi ili asife. Tena hataacha metagemu, atajifunza kuificha tu.

Simu nazo ziache. Kanuni za msingi za toleo lenu, pamoja na troli na takwimu zake zote, ziko bure kwenye intaneti chini ya leseni huria ya Creative Commons tangu Januari 2023. Anayetaka kusoma atasoma ndani ya daladala kabla hajafika kwako. Weka sharti dogo linalotekelezeka: mezani simu ni ya karatasi ya mhusika na maelezo ya uchawi wake, na ukurasa wa zimwi haufunguliwi pambano likiendelea. Hata kama hakuna anayedanganya, kupekuapekua kunakula muda.

Umefunga mambo manne kwenye furushi moja, na hayatibiwi kwa dawa moja. Kabla sijalifungua, tazama metagemu ambayo meza yako inaikubali kila mara bila kelele. Mhusika wa mtu akifa, mchezaji anarudi na mpya: mgeni mwenye silaha, kakutwa peke yake pangoni. Baada ya sentensi tatu mgeni huyo anapewa zamu ya ulinzi wa usiku na fungu la hazina. Mtu mwenye akili timamu asingemwamini hivyo. Wanamwamini kwa sababu wanajua ni rafiki yao aliyeketi ng'ambo ya meza, na wakijifanya hawajui, kikao kizima kitaishia kwenye mahojiano. Vilevile raundi moja ya pambano ni sekunde 6, lakini wachezaji wako wanaipangia mbinu kwa dakika tatu na hujalalamika. Ujuzi wa nje unaingia mezani kwako kila Jumamosi. Kilichokosekana ni makubaliano ya upi uingie na upi ubaki mlangoni.

Wawili wanaoona wizi na wawili wanaoona mchezo, wote wana wazee wao. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo huu mwaka 1974, mhusika alikuwa chombo cha mchezaji kujipimia akili. Tomb of Horrors, mkasa uliochezwa kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975, ulijaribu werevu wa watu waliokaa mezani, na hakuna aliyejali kama mpiganaji wa karatasini ana akili ya kutegua fumbo. Lakini Gygax huyohuyo, katika kitabu cha wasimamizi cha mwaka 1979, aliandika kwamba mchezaji atakayekutwa na kitabu hicho hastahili hata kifo cha heshima. Mpaka wake ulikuwa bayana: werevu wako ni silaha yako, kitabu cha msimamizi si chako. Mwaka 1984 mchezo wa Paranoia uliifanya hofu hiyo kichekesho. Humo, kuonyesha tu kwamba unazijua kanuni ni uhaini, na mhusika wako anaweza kuuawa kwa hilo. Call of Cthulhu, wa mwaka 1981, unautoza ujuzi bei: kila pointi ya elimu ya siri anayoipata mhusika inashusha kikomo cha akili yake timamu, kwani kikomo hicho ni 99 kutoa elimu hiyo. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba "mchezo wa kweli" hauruhusu. Mwambie meza yenu imekubaliana nini.

Sasa troli, ambako naona ulikosea zaidi ya mpiganaji wako.

Troli wa toleo lenu ana pointi 84 za uhai. Kila zamu yake inapoanza anarudishiwa 10. Akiguswa na moto au tindikali, uponaji huo unasimama katika zamu yake inayofuata tu, na hafi mpaka aanze zamu akiwa na 0 na uponaji umezuiwa. Piga hesabu. Tuseme wanne wa ngazi ya 4 wanatoa wastani wa 25 kwa raundi. Bila moto, troli anabaki na 59 na kurudi 69, halafu 54, 39, 24, na raundi ya tano anaanguka, kisha anainuka na 10. Kwa moto kila raundi, anakufa raundi ya nne. Kumbe siri uliyoilinda ilikuwa na maisha ya raundi tano, na baada ya hapo kila mwenye macho ameona kwamba panga hazimalizi kazi. Katika raundi hizo tano troli naye hakai bure: meno na makucha mawili, yote yakipata, ni wastani wa 29 kwa zamu, na mpiganaji wa ngazi hiyo huwa na uhai wa thelathini na kitu. Kwa kundi lenu, troli mmoja tayari anahesabiwa kuwa pambano gumu. Ulipomzuia mwenge ulilifanya la kuua.

Tena mwenge wenyewe si wa bure. Mwenge unaowaka ukipata unatoa dhara 1 tu la moto. Linatosha kuzuia uponaji, lakini mpiganaji wa ngazi ya 4 ana shambulio moja, kwa hiyo akiushika huo anaacha pigo la upanga. Chupa ya mafuta inaongeza 5 endapo aliyemwagiwa ataguswa na moto ndani ya dakika moja. Kama mchawi wenu ana uchawi wa mshale wa moto, wenye dhara la dadu ya pande 10, yeye ndiye afanye kazi hiyo na mpiganaji aendelee kukata. Ujuzi wa mchezaji haukuvunja pambano. Ulimpa uamuzi wa kufanya, na uamuzi ndio kitu tunachokaa mezani kukitafuta.

Shida ya kumkataza ni hii: ukishamwambia "mhusika wako hajui", umemlazimisha mchezaji kuupanga kila mwendo kwa kuukwepa moto. Hiyo nayo ni metagemu, tena mbaya zaidi, maana anautumia ujuzi wake ili kucheza vibaya. Ataruhusiwa lini kujaribu mwenge? Raundi ya pili? Ya nne? Akijaribu kwa bahati, utaamuaje kwamba ni bahati? Sijawahi kusikia jibu la swali hilo ambalo meza nzima inaridhika nalo.

Na je, kijana wa shamba kweli hajui? Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi. Hawakusubiri kumwona ndipo watafute kinga. Kinga ilienea pamoja na habari. Katika ulimwengu ambamo troli anakula mbuzi wa watu, watoto wanakua wakisikia habari zake, na sehemu ya habari hizo ni uongo. Hapo ndipo pana utamu. Kabla ya pambano, mpe kila mchezaji uvumi mmoja: troli akikatwa mkono unaota, troli hafi mpaka achomwe, troli havuki maji yanayotiririka. Miwili ya kweli, mmoja wa uongo, na usiseme ni upi. Anayejua kitabu hajaharibu chochote. Mgeni wa mchezo naye amepata pa kuanzia.

Wakati mwingine mtu akitenda jambo usilolitarajia, muulize, "Mhusika wako amejuaje?" Liwe swali la kweli, lisiwe mtego. Jibu lolote lenye mtu au mahali ndani yake lipokee na uliandike. Mpiganaji akisema babu yake alikuwa mchoma mkaa aliyemfukuza troli tanurini, umepata mzee wa kijijini bila jasho. Asipokuwa na jibu, mwache afanye, muendelee.

Jaribio la kumbukumbu kwa dadu lina nafasi yake, ila wasimamizi wengi wanalitumia vibaya. Wanamrushisha mchezaji dadu aone kama mhusika anajua kitu ambacho mchezaji tayari anakijua. Akishindwa, mmerudi kwenye maigizo yaleyale, safari hii yakiwa na muhuri. Rusha dadu pale tu unapokuwa na habari ambayo mchezaji hana: ana majeraha wapi, yuko peke yake au na jike, anakunywa maji wapi. Ugumu, yaani namba ya kufikia, uwe 10 kwa wanachokijua wanakijiji, 15 kwa alichosoma msomi, 20 kwa siri. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 zimepanga elimu ya kila aina ya kiumbe kwenye ujuzi wake. Majitu, troli akiwamo, yako chini ya Historia. Katika Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili, dadu ya kumbukumbu anairusha msimamizi kwa siri, na ukishindwa vibaya unapewa habari ya uongo ukidhani ni kweli. Unaweza kuiazima kanuni hiyo bila kubadilisha kitu kingine.

Njia ya mwisho ni kumbadilisha zimwi. Usimtaje jina, eleza ngozi, harufu, urefu wa mikono. Ukitaka, badilisha kinachomzuia kupona, kiwe baridi badala ya moto. Lakini fanya hivyo kabla ya kikao, kamwe si katikati ya pambano kwa hasira. Hakikisha angalau wahusika wawili wana namna ya kuipata baridi hiyo, na acha dalili tatu njiani, maana moja wataipita na nyingine wataielewa kinyume. Ukibadilisha kila zimwi, mchawi aliyejiandaa kwa haki baada ya kuuliza kijijini atakuwa ameibiwa, nawe utakuwa umewafundisha kwamba kuuliza hakuna faida.

Milango ni rahisi. Tatizo la pale ni dadu kuonekana mapema, na wala si uaminifu wa mtu. Usirushe wakati wa kutafuta. Mwizi aseme anatafuta, wewe uandike. Dadu irushwe sekunde kitasa kinapozungushwa, ambapo ikitoa 3 wamekwisha chelewa. Anayetaka kusaidia aseme kabla dadu haijaguswa, naye mwizi atapata kurusha mara mbili na kuchukua ya juu. Au tumia uangalifu usio na dadu, 10 kujumlisha nyongeza ya mhusika, ulinganishe na ugumu wa mtego kimyakimya. Kama wanapenda kukagua mara nyinginyingi, muda uwe na bei: kila ukaguzi ni dakika 10, na kila dakika 20 za ndani ya mchezo unarusha dadu ya pande 6, ikitoka 1, kuna kitu kinakuja. Hii ni kanuni ya zamani ya mashimoni, na inaondoa foleni mlangoni bila msimamizi kumkemea mtu.

Kuhusu sokoni na ghalani, usiwatoe watu nje ya chumba. Watakaa barazani na simu zao, na wakirudi hamu imeisha. Wote wasikie. Akitaka kutenda, uliza habari imemfikiaje na umbali ni kiasi gani. Mtu wa kawaida anatembea futi 30 kwa raundi, kama mita 9. Akikimbia ni 18. Ghala likiwa mita 60 kutoka sokoni na kelele za pambano zikisikika, atafika raundi ya nne. Mchezaji anayejua kwamba mwenzake yuko taabani, akamtafutia mhusika wake sababu ya kupita mtaa ule, anakusaidia, mshukuru. Karatasi ndogo au ujumbe wa WhatsApp wa faragha uziachie siri zinazodumu zaidi ya kikao kimoja, kama nani ni mpelelezi wa mfalme.

Kuna jambo hukulitaja ambalo nadhani lipo mezani kwako. Uhai wa mhusika ukifika 0, mchezaji anarusha dadu za kufa hadharani: mafanikio matatu anatulia, kushindwa mara tatu amekwenda, na 1 huhesabiwa kushindwa mara mbili. Wenzake wakiona hajashindwa hata mara moja, wanamwacha sakafuni na kuendelea kupigana. Dadu hizo mwenyewe akuonyeshe wewe tu. Utaona mbio zitakazopigwa kwenda kumwokoa.

Makubaliano yenyewe yatakula dakika 20 kabla ya kikao kijacho. Waulize wote wanne: ujuzi wa mazimwi tuutumie au tuuzuie? Anayesikia yaliyotokea mhusika wake asipokuwepo atende vipi? Dadu zipi ziwe za siri? Kuna aliyewahi kuusoma au kuucheza mkasa huu? Andika majibu kwenye karatasi moja, ibaki mezani. Wakitofautiana juu ya mazimwi, chagueni kanuni legevu, kwa sababu kali inahitaji polisi na polisi utakuwa wewe.

Lile swali la nne liulize kwa wote, halafu mtafute mshukiwa wako faraghani. Kabla ya hapo, chunguza ramani uliyowachorea. Ukichora vyumba kwa vipimo sahihi na kuacha uwazi wa mraba katikati, mchezaji makini anauona mlango wa siri bila kusoma chochote. Ukumbi unaoishia ukutani pasipo sababu unasema vilevile. Muulize tu, "Ulijuaje?", naye akutajie alichokiona.

Kama kweli ameusoma na alinyamaza, hilo halihusu metagemu tena, ni uaminifu kati ya marafiki, na kanuni za dadu haziligusi. Akikiri, usimfukuze. Kwenye mafumbo anyamaze, kwenye mapambano aongoze, na umpe kazi ya kuchora ramani au kuhesabu raundi. Wewe nawe hamisha vitu vitatu: hazina kuu, mlango mmoja, na jina la msaliti. Hiyo ni kazi ya nusu saa na kalamu. Akikana na huna ushahidi, hamisha vitu hivyohivyo na usimrudie tena kwa swali hilo.